WASIKILIZAJI WAPO, ILA WANAULIZA "MB NGAPI?"

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa na mwandishi wa kujitegemea mbele ya vijana waliokutana jijini Dar es Salaam kujifunza namna ya kuanzisha podikasti. Tumeipunguza kidogo kwa ajili ya nafasi. – Mhariri)



Nilipoitwa mbele nimesikia mtu kule nyuma akiuliza, huyu naye ana digrii ya nini? Nimjibu mapema ili tusipotezeane muda. Sina. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja kama yalivyokuja, nikashika kalamu. Habari ikitoka gazetini nalipwa, isipotoka nimetoa sadaka. Ndiyo maana nilivutiwa na podikasti: hakuna mhariri wa kunikatia kipande wala mwenye kituo wa kuniambia nije Jumatatu.

Podikasti si mdudu wa ajabu. Ni kipindi cha sauti kinachowekwa kwenye intaneti, msikilizaji akakichukua saa anayotaka yeye. Redio ukichelewa imekupita, hii inakusubiri. Hata jina lenyewe lilipewa na mtu wa magazeti kama sisi. Ben Hammersley aliliandika katika The Guardian la Uingereza Februari 2004, na Juni 2005 kampuni ya Apple ikaziingiza podikasti ndani ya iTunes.

Kazi yake iko hivi. Unarekodi, unapeleka faili kwa kampuni ya kuhifadhi sauti, na ziko zinazohifadhi bure. Kampuni hiyo inakupa anwani moja inayoitwa mlisho. Anwani hiyo unaipeleka mara moja tu Apple, Spotify na kwingineko, na kuanzia hapo kila kipindi kipya kinafika huko chenyewe. Utatakiwa pia kuwa na picha ya kava, ya mraba; Apple wanataka isipungue nukta 1400 kila upande. Basi. Fundi wa simu yeyote mtaani atakuonyesha kwa nusu saa.

Kupandisha ni rahisi. Kusikilizwa ndiko kwenye kazi!

Nilianza kwa kiburi. Kipindi changu cha kwanza kilikuwa cha dakika 58, nikichambua dunia nzima kuanzia Marekani hadi China, mimi peke yangu, chumbani, feni ikivuma kama ndege inayotua. Waliosikiliza ni 11. Wanne kati yao ni ndugu zangu, na mmoja wa hao alikiri baadaye kwamba alilala. Kipindi cha pili, tisa. Cha tatu sikutazama.

Aliyenifungua macho ni fundi cherehani jirani yangu. Nilimwambia, kaka, nisikilize basi. Hakuuliza nazungumzia nini. Aliuliza, "Ina MB ngapi?"

Tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia. Sauti iliyohifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, kama wanavyoshauri wenye studio, inakula karibu MB moja kwa dakika. Dakika zangu 58 zilikuwa karibu MB 56. Nilikuwa namwomba mtu anayenunua bando la siku, la kuwasiliana na wateja wake, alichome lote kwa ajili ya kunisikiliza nikikohoa. Nani kasema wananchi hawataki kusikiliza? Wanataka, lakini mfuko una macho.

Nikabadilika. Sauti ya mtu anayezungumza haihitaji ukubwa wa muziki. Ukiihifadhi kwa njia moja badala ya mbili, kwa kilobiti 48, bado inasikika vizuri, na kipindi cha dakika 12 kinakuwa na MB 4 na kitu. Nikaandika ukubwa huo kabisa kwenye tangazo: dakika 12, MB 4. Watu wakacheka, lakini wakafungua.

La pili, niliacha kungoja watu waje Spotify. Wakazi wa mtaani kwetu wako WhatsApp, kwenye vikundi vya vikoba, vya misiba, vya wazazi wa shule. Nikawa nakata kipande cha sekunde 40, pale ambapo maneno ni moto, nakituma Ijumaa jioni pamoja na anwani ya kipindi kizima. Kila Ijumaa, hata nikiwa na homa. Msikilizaji ni kama mteja wa maandazi. Akikukosa siku mbili anahamia kwa mwingine, na humrudishi kwa kumlaumu.

La tatu ni habari yenyewe. China niliiachia China. Nikaanza kuuliza kwa nini gari la taka halipiti, na nani anajua fedha za choo cha soko zinakwenda wapi. Hapo wasikilizaji wakatoka 11 wakawa 60, wakawa 140.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kinachofuata sikukipenda kukisema.

Kipindi changu kilichosambaa kuliko vyote kilikuwa cha mama mmoja muuza mboga katika soko moja hapa mjini. Alieleza jinsi anavyotozwa mara mbili kwa siku, na risiti anapata moja. Aliniambia, mwanangu, usitaje jina langu. Sikulitaja, wala sikutaja soko. Nikajiona mwandishi mwenye maadili. Kwa siku tatu kilisikilizwa mara 400 na zaidi, na mimi nikawa natazama tarakimu zile kama mtu anayetazama matokeo ya mpira.

Siku ya nne nilikwenda kununua mchicha, sikumkuta mahali pake. Walikuwa wamemhamishia nyuma, karibu na jalala, ambako mteja hafiki ila amepotea njia. Wote pale sokoni walimtambua kwa sauti. Nilimwomba radhi, nikamwambia, lakini mama, jina sikulitaja. Akaendelea kufunga mafungu yake, kisha akasema, "Sauti yangu nayo si jina?"

Nilikifuta usiku uleule. Kukifuta kulisaidia nini? Ukifuta kwenye mlisho, kinatoka kwenye mlisho. Kilichokwisha kupakuliwa kimo ndani ya simu za watu, na kipande changu cha sekunde 40, nilichokikata kwa mkono wangu mwenyewe ili kisambae, kilikuwa kinazunguka vikundi ambavyo mimi simo. Mpaka leo mama yule yuko nyuma. Nanunua kwake, lakini mchicha wa mtu mmoja haujazi kapu.

Tangu hapo nina utaratibu. Mwenye jambo la hatari, maneno yake nayaandika, anayasoma mtu mwingine, na namwambia msikilizaji kwamba sauti hii si yake. Kabla ya Ijumaa mhusika anasikiliza kipindi kizima, na akisema toa, natoa. Kuna vipindi viwili vimekufa hivyo. Wasikilizaji wamepungua kidogo, sitaficha. Sauti ya mwenye uchungu inavuta kuliko ya msomaji.

Kuhusu tarakimu hizo, msiziabudu. Kwa kipimo kinachotumiwa na kampuni nyingi, ikipakuliwa dakika moja tu ya sauti tayari umehesabiwa mmoja, hata kama mtu aliizima. Kwa upande mwingine, faili lililopitishwa mkono kwa mkono WhatsApp halihesabiwi kabisa. Kwa hiyo hujui. Mimi nahesabu wanaonijibu.

Na sheria je? Machi 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zikataka wenye blogu na podikasti wawe na leseni, kwa gharama iliyozidi shilingi milioni mbili kwa mwaka wa kwanza. Vijana wengi walizima mitambo mwaka ule. Kanuni ziliandikwa upya 2020, zikalegezwa 2022, na mzigo wa leseni ukabaki zaidi kwa wanaotoa habari na matukio. Kipindi cha mapishi na kipindi cha ushuru wa soko si kitu kimoja mbele ya TCRA. Kabla hujapandisha, nenda ukaulize, na ukipewa jibu omba liwe la maandishi.

Nimeambiwa muda umekwisha. Maswali nitayapokea tukiwa tunarekodi. Kaka uliye karibu na swichi, zima feni. Simu zote ziwekwe kwenye hali ya ndege. Ile yenu ishikeni ngumi moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isigonge maiki. Aliyeuliza nina digrii gani aje mbele, aanze yeye.