Sifa ya Chombo na Sifa ya Kazi

Mada kwa semina ya watunza kumbukumbu na maafisa utumishi, Tanga



Mliokulia pwani mnajua kwamba jahazi halishushwi majini mpaka lipakwe sifa. Sikusema lisifiwe. Sifa ni mafuta ya maini ya papa; yananuka kiasi cha kumfukuza mgeni ufukweni, na mafundi wa huku kwetu, kama wenzao wa Nungwi na Matondoni, wameyapaka kwenye mbao tangu enzi za mababu ili jua na chumvi visizipasue. Kabla yake hupigwa kalafati, pamba inayogongwa kati ya ubao na ubao. Chini, panapozama majini, hupakwa deheni ya chokaa na shahamu. Na sifa haipakwi mara moja ikatosha. Chombo kikishatembea, hupandishwa pwani kikapakwa tena.

Wataalamu wa lugha watanikumbusha kwamba sifa ya papa na sifa anayopewa mtu ni maneno mawili, yamekutana kwa sauti tu. Nakubali. Ila nimeombwa nizungumzie namna ya kuithamini kazi ya kila siku, na sijapata mfano unaonifaa kuliko huo: kitu kinachopakwa ubao ungali mzima, tena na tena, na mtu anayejua kila ubao ulipo.

Ukiona vyaelea vimeundwa. Methali hii tumezoea kumtupia anayetamani mali ya mwenzake, kumwambia naye akajitaabishe. Mimi naisoma kwa upande wa pili pia. Inatutaka tukitazama chombo tumwone na fundi.

Nilianza kazi nikiwa karani wa masjala. Anayezijua ofisi zetu anajua masjala huwa wapi: mwisho wa korido, jirani na stoo, dirisha moja. Karani mkuu alikuwa mzee asiyesema sana. Kila karatasi iliyoingia jaladani aliipa namba ya folio kwa wino mwekundu, kona ya juu kulia, kisha akaiingiza kwenye orodha iliyo mwanzoni mwa jalada. Kwa ujana wangu niliona ni kujichosha bure. Siku moja nilifunga barua tano bila namba, nikidhani hataona. Jioni nilizikuta mezani kwangu, zimefunguliwa kutoka majalada matatu tofauti, na kalamu nyekundu juu yake. Hakuniambia neno.

Miaka mingi baadaye, yeye keshastaafu na mimi nimekalia kiti chake, alikuja mama mmoja mjane. Mlangoni alisema, "Poleni na kazi, wanangu." Wiki nzima ile hakuna mwingine aliyetusemesha hivyo, wengine waliingia na jina la jalada mdomoni. Shamba la marehemu mumewe lilikuwa na mgogoro, na upande wa pili ulishikilia kwamba barua ya kumpa eneo lile haikuwahi kuandikwa. Jalada lilikuwa limechakaa, mchwa wamekula kando. Folio 36 ipo, 38 ipo. 37 haipo. Lakini orodha ilikuwa na mstari wake, kwa mwandiko wa mzee: barua, tarehe, 37. Pasingekuwa na mstari ule tungemwambia mama aende zake. Kwa kuwa ulikuwepo, tulijua kuna kitu cha kutafutwa, tukatafuta siku tatu. Tuliikuta imefungwa ndani ya jalada jirani, namba yake nyekundu konani.

Mama alinishika mikono yote miwili akanishukuru mpaka nikaona haya. Asante ile haikuwa yangu.

Hapo ndipo ugumu wa kazi zetu ulipo. Daktari humwona mgonjwa akiinuka, mwalimu hukutana na mwanafunzi wake sokoni. Karani wa masjala humtumikia mtu ambaye pengine hata hajazaliwa. Mwaka 2007 Adam Grant na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu walioajiriwa na chuo kikuu kimoja Marekani kupiga simu za kuchangisha fedha, ambazo sehemu yake hulipia masomo ya wanafunzi. Kundi moja lilikutanishwa kwa dakika chache tu na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha hizo. Mwezi mmoja baadaye, muda wao wa kukaa kwenye simu na fedha walizokusanya vilikuwa vimezidi maradufu. Hawakuongezwa mshahara wala hawakubadilishiwa kazi. Walimwona mtu.

Mzee wangu hakukutanishwa na mjane. Sisi tuliokuwa na uwezo wa kuwakutanisha hatukuwaza hata siku moja.

Turudi kwa yule mama na "poleni" yake. Lugha yetu ina hongera na ina pole, nazo hazifanyi kazi moja. Hongera hungoja jambo litimie: mtoto azaliwe, mwanafunzi afaulu mtihani. Pole haingoji. Pole na kazi huambiwa mtu jembe lingali mkononi, shamba lingali pori, na hakuna ajuaye kama mvua itanyesha. Inatambua jasho lenyewe. Nikitazama ofisi zetu naona tumebaki na hongera peke yake, nayo tumeihamishia Mei Mosi: mfanyakazi hodari, cheti, bahasha, picha na mgeni rasmi. Na tusidanganyane, zipo idara ambazo uhodari huenda kwa zamu.

Siku yenyewe haikuanzia kwenye vyeti. Mei 1, 1886 wafanyakazi wa Marekani waligoma wakidai siku ya kazi iwe saa nane. Chicago damu ikamwagika siku chache baadaye. Mwaka 1889 mkutano wa wajamaa mjini Paris ukaichagua tarehe hiyo iwe ya wafanyakazi wa nchi zote. Nalisema hili kwa makusudi, maana kuna mabosi watakaoitoa mada hii hapa wakaifanye kisingizio. Kumsifu mtu huku malimbikizo yake hayalipwi ni kumvika kilemba cha ukoka. Mafuta ya papa hayajawahi kushika mahali pa msumari.

Pamoja na hayo, wapo walioipata maana ndani ya kazi ndogo bila kungoja mtu awape. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alibeba vyungu kuvipeleka mjini Unguja, akivinadi njiani kwa sauti. Sauti hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwenye santuri. Aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert, ambaye alianza kazi mwaka 1926 akiwa karani wa forodha na akadumu katika idara hiyo hadi 1944. Yaani karani alimwandika muuza vyungu. Na neno wasifu, safari hii wataalamu watakubaliana nami, ni ndugu wa damu wa sifa. Sidai kwamba ushuru wa forodha ndio uliomfanya mwandishi. Ninachojua ni kwamba mkono uliotuandikia vitabu vile mchana ulikuwa ukijaza fomu.

Waandaaji walitaka niache na pendekezo, nami ninalo moja. Jalada likimsaidia mwananchi, aliyelitunza aambiwe: kwa jina la mwananchi, na namba ya folio. Dokezo la mistari miwili linatosha.

Mimi nililipa deni langu kwa kuchelewa. Nilimwendea mzee kwake Jumamosi moja, nikamkuta barazani akisuka ukili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Masjala hawajambo?"

Nikamsimulia habari ya mjane tangu mwanzo: mgogoro, mchwa, siku tatu za kutafuta, shamba kurudi. Alisikiliza bila kuacha kusuka. Nilipomaliza akanyamaza, kisha akauliza:

"Folio namba ngapi?"

"Thelathini na saba."

"Kona ya kulia?"

"Kona ya kulia, mzee."

Akauweka ukili chini, akamwita mjukuu wake alete kahawa.