Mgomo wa Mombasa wa 1947 na Siasa za Wafanyakazi



Tumeombwa tuseme juu ya vyama vya wafanyakazi na siasa. Tumeona heri tuanze kisiwani petu kabla ya kwenda ng'ambo.

Tarehe 13 Januari 1947 kazi zilisimama Mombasa. Hawakuwa makuli wa Kilindini peke yao. Watu wa reli, wa hoteli na watumishi wa majumbani nao waliacha kazi, jumla yao wapatao 15,000. Vita vilikuwa vimekwisha, bei za vyakula zimepanda, na kodi ya chumba ilimla kibarua mshahara wake. (Wenye nyumba wengine walikuwa wenyeji wa kisiwa hiki, na hili halifai kufichwa.) Walikutana Majengo, mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini, Mwislamu na Mkristo, mtu wa pwani na mtu wa bara. Siku kumi na mbili hivi zikapita, ndipo Bwana Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alipokuja kuwasihi warudi kazini, madai yao yachunguzwe. Aliyesimamia uchunguzi ni Jaji Thacker, yule yule aliyewahukumu akina Kenyatta huko Kapenguria mwaka 1953. Mishahara ya wengi iliongezwa.

Lakini chama kilichozaliwa katika mgomo ule, African Workers' Federation, hakikuachwa kikue. Mwezi Agosti mwaka ule ule kiongozi wake, Chege Kibachia, alikamatwa, akahamishiwa Baringo, akazuiliwa huko karibu miaka kumi.

Wakati huo Serikali ilimleta James Patrick, mtu wa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, atufundishe kwamba chama ni cha kudai mshahara, wala si cha siasa. Hapa tunawaomba wazee wapime. Huko kwao Keir Hardie, mchimba makaa wa Uskochi aliyeingia mashimoni akiwa mtoto, aliona kwamba mgomo pasipo sauti Bungeni haufiki mbali. Mwaka 1888 yeye na wenzake waliunda Chama cha Kazi cha Uskochi. Mwaka 1900 vyama vya wafanyakazi na wasoshalisti wa Uingereza wakaungana. Na mwaka 1945 chama chao kikashika Serikali kwa wingi mkubwa. Basi Kibachia alipohamishwa, London ilitawaliwa na watu waliopanda kwa ngazi ile ile tuliyokatazwa sisi. Hatusemi Bwana Patrick alikuwa mtu mbaya. Somo lake lilikuwa nusu.

Nusu ya pili aliisema Makhan Singh, aliyedai uhuru kwa jina la wafanyakazi mwezi Aprili 1950. Mei akakamatwa, asifunguliwe hadi 1961. Kisha chama cha KAU kilipopigwa marufuku mwaka 1953, vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyobaki na sauti, na Tom Mboya, aliyekuja kusuluhisha mgomo wa makuli hapa mwaka 1955, aliitumia vema.

Baada ya uhuru, mwaka 1965, vyama vilikusanywa chini ya COTU, na Rais akapewa uwezo wa kumteua Katibu Mkuu kutoka majina aliyopelekewa. Safari hii aliyetaka wafanyakazi wakae mbali na siasa hakuwa mgeni.

Wajukuu wa makuli wa 1947 wangali Majengo na Mji wa Kale. Mwenye picha au kadi ya chama ya wakati ule tunamwomba amwonyeshe Katibu, ainakili, na kumrudishia.