Nani Agawaye Fedha ya Wakfu?



Leo mtaletewa hoja ya kwamba mfuko wetu wa kusaidiana utumike kwa mazishi tu, daima. Kabla hamjapiga kura, niruhusuni niwapeleke mbali kidogo, hata Marekani, kwani huko jambo hili lilipata kufikiriwa sana.

Katika mji wa St. Louis alikuwako tajiri mmoja, Bryan Mullanphy, aliyefariki mwaka 1851. Aliusia theluthi ya mali yake isaidie maskini wapitao mjini pale kwenda kukaa nchi za magharibi. Siku zile watu hao walikuwa wengi. Baadaye reli zikajengwa, misafara ya magari ya ng'ombe ikakoma. Fedha ikabaki, na wa kupewa wakaadimika. Nia ya marehemu ilikuwa njema kabisa, ila alidhani dunia itasimama pale alipoiacha.

Hatari ya wasia wa namna hiyo aliiona Frederick Goff, mwanasheria aliyekuwa mkuu wa benki moja ya amana mjini Cleveland. Mwaka 1914 akaanzisha wakfu wa mji mzima, ambamo mali za watu wengi, kubwa na ndogo, zingewekwa pamoja. Atoaye aliweza kutaja shabaha yake. Lakini shabaha hiyo ikiwa haifai tena, wagawaji waweza kuielekeza penginepo.

Na wagawaji hao ni akina nani? Hapa ndipo penye akili. Benki ilitunza mali, lakini faida iligawanywa na halmashauri ya watu 5. Benki ilichagua 2 tu. Meya alichagua 1, jaji wa mahakama ya shirikisho 1, na jaji wa mahakama ya mirathi 1. Ashikaye ufunguo wa sanduku, basi, hakupewa wingi wa kura.

Tena walichunguza kwanza. Fedha ilikuwa bado haba, kwa kuwa wengi walioahidi mali zao walikuwa hai, basi wakaanza kwa kuuliza mji una haja gani. Mwaka 1915 walianza kuchunguza shule. Mwaka 1921 wakageukia polisi na mahakama, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1922 chini ya wanasheria Roscoe Pound na Felix Frankfurter.

Mimi sisifu uchunguzi usio na mwisho. Mjane mwenye kodi ya nyumba hawezi kungoja kitabu. Lakini kwetu sisi, tuseme kweli, apataye upesi ni yule akaaye karibu na mweka hazina.

Kwa hiyo naomba maneno mawili yafutwe katika hoja: «tu» na «daima». Tena naomba kila ombi litazamwe na wanachama wawili wasio wa ofisi ya mwombaji, nao walete jibu kabla ya siku 7 kwisha.