Tumbo la Kijana Si Uongo



Leo nataka tuongee juu ya kijana ambaye mtihani ukikaribia tumbo linamkata. Leo anaendesha, kesho choo kimefunga. Kwa kemisti anaambiwa ni taifodi. Mwezi ujao, taifodi tena! Pesa ya chama inakwisha, halafu tunasema, "Huyu anakwepa shule."

Hapana. Huenda ana ugonjwa wa utumbo ambao madaktari huuita IBS. Vipimo havionyeshi kidonda, lakini maumivu ni ya kweli. Kuna neva ndefu, jina lake vagasi, inayounganisha ubongo na tumbo, na habari hupita juu na chini. Mawasiliano hayo yakiwa makali mno, hewa kidogo tu tumboni inauma kama kisu.

Tena utumbo ni kama shamba. Ndani yake wanaishi bakteria wanaosaidia kusaga chakula. Antibayotiki zikimezwa ovyo huua hata hao wema.

Huko Marekani, utafiti uliochapishwa 2017 uliwavisha vijana kifaa kidogo nyuma ya sikio. Waliopata umeme hafifu kwenye neva za sikio walipata nafuu kuliko waliovaa kifaa kisicho na umeme. Mwaka 2019 serikali ya huko ilikiruhusu. Watafiti wanachunguza pia kama bakteria wa tumbo hubadilika kwa tiba hiyo. Sisemi mkitafute kifaa hicho. Funzo ni kwamba neva ikitulizwa, maumivu hupungua.

Basi tufanye nini?

1. Akitoa damu kwenye choo, akikonda, akiwa na homa, au maumivu yakimwamsha usiku, nendeni hospitali upesi.

2. Taifodi ithibitishwe kwa kuotesha damu maabara. Kipimo cha haraka peke yake hukosea. Msinunue antibiotiki bila kuandikiwa.

3. Andikeni chakula kinachomsumbua. Maharagwe ya githeri yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe. Aanze na kidogo.

4. Alale vizuri, ajifunze kupumua polepole, na asiachishwe shule.

Wazazi, dawa ya kwanza haiuzwi popote: mwamini mtoto wako anaposema anaumwa.