Dhahabu imekwenda, tope limebaki: mizani anashika nani?

Vijana wenzangu wa Ng'ambo, Kanyenye, Isevya na vijiwe vyote vya Tabora!

Mji wetu huu ulikuzwa na misafara. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, pembe za ndovu zilibebwa na mabega ya Wanyamwezi, babu zetu. Zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni karibu kilo 16. Mpagazi aliujua uzito kwa shingo yake, lakini mizani alishika tajiri.

Leo dhahabu haihitaji mpagazi, inapanda ndege. Je, mizani imehama?

Tutazame Lusu, hapo Nzega. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Resolute ya Australia ilifungua Golden Pride, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu katika enzi hii ya wawekezaji. Kufikia mwaka 2014 kazi ilikuwa imekwisha. Dhahabu ikaondoka. Shimo na bwawa la topesumu havikupanda ndege.

Msidanganywe kwamba mgodi ukifungwa hatari imefungwa. Sianidi inayokamatia dhahabu huvunjwavunjwa na jua. Lakini mawe yenye salfa yakikutana na hewa na mvua hutoa tindikali, nayo tindikali huyeyusha metali na kuzipeleka majini. Mambo hayo yanaweza kuendelea kwa miongo mingi. Ndiyo maana huchimbwa visima vya uchunguzi kuzunguka bwawa. Maji hupimwa kabla mgodi haujaanza, yakapimwa unapofanya kazi, yakapimwa baada ya kufungwa, kisha namba zikalinganishwa. Bila namba ya kwanza, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba maji yameharibika.

Sasa swali la walala hoi: namba hizo anazo nani?

Mwaka 2009, kule Tarime, maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara yakaingia Mto Tigithe. Wananchi wakalia, wataalamu wakabishana. Mwaka 2019, miaka 10 baadaye, Baraza la Mazingira, NEMC, likaupiga mgodi huo huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya uchafuzi. Novemba 2022 ukingo wa bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui ukapasuka, tope likafunika mashamba na nyumba za watu Kishapu. Mwanakijiji anapata habari ya bwawa siku tope linapobisha hodi mlangoni!

Na kuna jambo jingine wakubwa hawapendi lisemwe. Tangu makubaliano na Barrick ya mwaka 2019, serikali ina asilimia 16 ya hisa katika migodi kama North Mara na Bulyanhulu. Hisa ni haki yetu, hatuzikatai. Lakini NEMC nayo ni chombo cha serikali hiyo hiyo. Nyinyi ni watu wa mpira: refa akiwa na hisa kwenye timu, penalti mtaipata lini?

Dawa ipo, na haihitaji bunduki wala mawe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa za mazingira. Basi tudai mambo matatu. Kwanza, majibu ya vipimo yabandikwe ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili. Pili, maji yachotwe mbele ya wanakijiji katika chupa mbili zilizofungwa kwa lakiri, moja ibaki kijijini ili ipimwe maabara nyingine. Tatu, kila mgodi unapofungwa tuambiwe fedha za kuulinda ziko wapi na nani atapima maji mwaka wa 20.

Wewe uliyesoma hadi kidato cha nne, ndugu yako wa kijijini anakutegemea. Andika barua hiyo ya kuomba namba. Wakikunyima, utakuwa umejua walichoficha kiko wapi.

Babu zetu walibeba mzigo bila kuiona mizani. Sisi tuidai.