Lobito: shaba imepata treni, abiria je?

Taarifa ya habari imeutaja tena Ushoroba wa Lobito, reli ya kutoka bandari ya Lobito, Angola, hadi kwetu Katanga, na kama kawaida hesabu zote ni za tani za shaba na kobalti. Reli hiyo, jamani, ilibeba watu pia.

Mwaka 1931 njia ya Benguela ya Angola iliunganishwa na ile ya BCK, kampuni ya reli ya upande wetu wa Kongo. Aliyeshuka melini Lobito aliweza kupanda treni, akapita Dilolo, Kolwezi na Tenke, kisha Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, hadi Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mji wetu huu.

Mwaka 1975 vita vya Angola vikaikata. Madaraja yalilipuliwa, mabomu ya ardhini yakafukiwa kandokando ya njia, na abiria wa Katanga akapoteza bahari yake ya magharibi. Wachina waliijenga upya ng'ambo, upande wa Angola, ikazinduliwa Luau, mpakani, mwaka 2015. Miaka mitatu baadaye madini yetu yakaanza kupita tena.

Mwaka 2019 hata treni ya kifahari ya Rovos Rail ilipita hapa na watalii kutoka Dar es Salaam kwenda Lobito. Hao walilipa kwa dola, tena nyingi. Mama wa hapa anayetaka kwenda Dilolo na bidhaa zake hupanda juu ya magunia kwenye lori, mvua imnyeshee, vumbi limjae.

Sasa mamilioni yanatajwa kwa ukarabati wa upande wetu. Wabunge wetu waiulize SNCC, shirika letu la reli, na wafadhili wake swali moja: katika mpango huo, mabehewa ya abiria ni mangapi?