Mama, kwa nini unasinzia darasani?

Mazungumzo na wamama wa kliniki

Kaeni vizuri. Wenye kunyonyesha wanyonyeshe bila haya, na wenye kungojea kupima watoto kilo wasihangaike: jina litaitwa, hakuna atakayepoteza zamu yake.

Leo hatuzungumzi juu ya kuhara wala juu ya chanjo. Tunazungumza juu ya masomo ya jioni. Wengi wenu mmeandikisha majina, wengine kwa kusoma na kuandika, wengine kwa kushona kule foyeri, wengine kwa kufuma, wengine kwa kwaya. Na sisi tunaona jambo moja. Mwezi wa kwanza benchi zinajaa. Mwezi wa tatu nusu ya benchi ni tupu. Mama akiulizwa anajibu: "Niko nachoka sana. Nikikaa tu, usingizi inanibeba." Wanaomsikia wanacheka. Wanasema ni mvivu, kichwa chake hakishiki masomo.

Mimi nasema hapana. Mama anayeamka kabla ya jogoo, anachota maji, anafagia, anatembea mpaka shamba, anarudi na kitunga cha muhogo kichwani na mtoto mgongoni, huyo jina la mvivu si lake. Wanaocheka, wambebee kile kitunga siku moja tu.

Lakini sikilizeni vizuri, maana kuna uchovu wa namna mbili. Kuna uchovu wa kazi. Huo ukila, ukaoga, ukalala, asubuhi umeisha. Na kuna uchovu unaoamka nao. Umelala usiku mzima, na asubuhi miguu ni mizito kama gogo bichi. Ukipanda mlima mdogo moyo unapiga mbio. Ukisimama ghafula macho yanaona giza. Darasani unasikia sauti ya mwalimu, lakini maneno hayaingii. Uchovu wa namna hii mara nyingi ni wa damu. Na mama ambaye damu yake imepunguka, hata mkimgombeza kila siku hatajifunza herufi moja zaidi. Anahitaji dawa na chakula.

Damu inafanya kazi gani? Ni kama wapagazi. Hewa unayovuta inaingia mapafuni, damu inaibeba mpaka mikononi, miguuni, na katika ubongo. Wapagazi wakiwa wachache, mzigo unabaki njiani, na mwili wote unalegea. Ili mwili utengeneze wapagazi hawa unahitaji chuma, si chuma cha jembe, lakini kile kilicho ndani ya chakula. Vidonge vyake mnavijua, ni vile mnaviita feri.

Sasa, damu ya wamama inakwenda wapi? Sehemu inakwenda kila mwezi kwa njia mnayoijua. Sehemu inakwenda na mimba, kwa sababu mtoto aliye tumboni anachukua chuma kwa mama yake bila kuomba ruhusa, zaidi katika miezi ya mwisho. Sehemu inatoka siku ya kuzaa. Mimba ikifuata mimba haraka, mama anaanza safari mpya na mfuko tupu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri mama angoje angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kubeba mimba nyingine. Njia za kupanga uzazi zipo, ulizeni chumba cha pili.

Malaria nayo inaharibu damu, kwa kuwa wadudu wake wanaingia ndani ya zile chembe nyekundu na kuzipasua. Mama mwenye mimba anaweza kuwa na malaria bila homa kali. Anaona uchovu tu. Kwa hiyo tunampa vidonge 3 vya SP, anameza hapa hapa mbele ya mwuguzi, kuanzia mwezi wa nne wa mimba. Mwezi ukipita anarudi, na tena anarudi, isipokuwa munganga amemwambia hapana. Na chandarua ni cha kulalia kila usiku. Si cha kuvulia ndagala wala cha kufunikia mboga bustanini. Nimeviona vyote viwili.

Kisha kuna minyoo. Kuna aina moja ndogo sana, nyembamba kama uzi, inayojishika ndani ya utumbo na kunyonya damu. Huyu haingii kwa kinywa kama wengine. Mayai yake yanatoka katika choo cha mtu, yanaanguliwa katika udongo wenye maji, na mdudu anatoboa ngozi ya mguu usio na kiatu. Fikirini sasa: nani anakaa miguu wazi katika udongo mbichi tangu asubuhi mpaka jioni? Ni mama wa shamba. Viatu vya plastiki vya bei rahisi na shimo la choo lililochimbwa vizuri vinalinda damu yako. Dawa ya minyoo ipo. Kwa mwenye mimba tunangoja miezi mitatu ya kwanza ipite.

Najua wengine mnasema, uchovu ni uchovu tu, kazi ya nini kuifanya ugonjwa? Nitawajibu waziwazi. Mama mwenye damu ya kutosha, siku ya kuzaa anaweza kupoteza nusu lita ya damu na bado akaketi, akamshika mtoto wake. Mama aliyeingia katika uzazi na damu kidogo, nusu lita ileile inaweza kumwondoa kati yetu kabla gari halijapatikana. Tena damu ya kumwekea si rahisi kuipata usiku. Kwa hiyo mama anayesinzia juu ya daftari lake akiwa na mimba ya miezi sita, mwalimu asimgombeze. Amwambie aje hapa. Tungali na miezi mitatu ya kumjenga.

Tunapimaje? Kwanza kwa macho. Vuta chini ukope wa chini wa jicho lako mbele ya kioo. Ndani panatakiwa kuwa pekundu. Pakiwa peupe, njoo. Tazama pia kiganja na ulimi. Ukiona hamu ya kula udongo inakukamata, usifiche kwa haya, maana hiyo mara nyingi ni alama ya kukosa chuma, na udongo wenyewe unazidi kukuharibia tumbo. Kisha labo inachukua tone la damu kwenye kidole na kuandika namba kwenye fishi yako. Kwa mama asiye na mimba tunataka ifike 12 au zaidi. Kwa mwenye mimba, 11. Uliza namba yako! Ni yako, si siri ya munganga.

Mwenye mimba anameza kidonge cha feri kila siku. Wengi wanaacha juu ya mambo mawili: choo kinakuwa cheusi, na tumbo linachafuka. Choo cheusi si ubaya, ni chuma kinachopita. Tumbo likichafuka, meza kidonge usiku kabla ya kulala. Usimeze na chai. Chai inakifunga chuma tumboni kisiingie katika damu, na kahawa vilevile. Meza na maji, au na maji ya machungwa. Wala usiseme baada ya siku tatu kwamba dawa haina nguvu, kwa kuwa damu inajengwa kwa wiki nyingi. Na tafadhali, vidonge hivi viwekwe juu, mbali na watoto. Kwa mtoto mdogo, vidonge vingi vya feri ni sumu ya kuua.

Chakula nacho. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wamama wanajiibia wenyewe. Ugali wa muhogo unashibisha, lakini wenyewe peke yake haujengi damu. Chuma kizuri kinatoka katika nyama, maini, samaki. Nyama ni ghali, najua. Lakini ndagala wa Uvira na Kalemie, sambaza wa Bukavu na Goma, kipimo kimoja kidogo ndani ya mboga kinatosha kusaidia nyumba nzima. Maharagi, lengalenga, sombe na matembele vina chuma, ila kinaingia mwilini kwa shida. Kinaingia vizuri ukila pamoja na kitu kichungu cha matunda: ndimu, chungwa, mapera. Basi kamulia ndimu juu ya mboga, na chai ingoje saa moja au mbili.

Tena, nani anakula nini? Katika nyumba nyingi kichwa cha samaki na supu vinabaki kwa mama, nyama ya samaki ni ya baba na wageni. Mama mkwe atasema ndiyo desturi. Hatuji hapa kumtukana mama mkwe. Tunasema tu kwamba mwenye mimba na mwenye kunyonyesha wanakula kwa watu wawili, na sahani ya watu wawili haiwezi kuwa mabaki.

Jambo jingine: mama anakwenda shamba bila kula kitu, anangoja chakula cha jioni. Saa kumi anaingia darasani na tumbo tupu tangu jana. Huyo asiposinzia ni ajabu! Kabla ya somo kula kitu kidogo, kiazi kilichochemshwa, ndizi, karanga mkononi, na unywe maji.

Sasa tuseme damu ni nzuri. Nguvu ya jioni bado inatakiwa kutafutwa, kwa sababu kazi ya nyumba haiishi yenyewe. Siku ya somo, lowesha maharagi tangu asubuhi, yataiva upesi na kuni zitapunguka. Sombe itwangwe siku iliyotangulia. Maji yachotwe na watoto wakubwa, na ninaposema watoto, nasema na wavulana. Ndoo haiulizi kama anayeibeba ni msichana. Ukirudi kutoka shambani, lala chini robo saa, hata kama jirani anakutazama. Robo saa ile ndiyo itakayokuweka macho wazi darasani. Na somo mara mbili kwa wiki linalodumu mwaka ni bora kuliko kila siku kwa mwezi mmoja. Waalimu wanaosikia hili wapange hivyo, na wamama wamalize kabla giza halijaingia, maana njia ya usiku nayo ina hatari zake.

Baba watoto aambiwe mapema, kwa adabu, siyo mlangoni ukiwa na daftari mkononi. Mwonyeshe faida. Mama anayejua kusoma anatambua kwenye chupa kama dawa ni kijiko kimoja au vitatu, anajua tarehe ya chanjo kwenye fishi ya mtoto, na sokoni haibiwi hesabu. Wengine bado wanataja sheria. Ni kweli, Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 iliweka ruhusa ya bwana juu ya mambo mengi ya mke, lakini sheria ya Julai 2016 iliigeuza sehemu hiyo. Hata hivyo mnalala nyumba moja, basi mapatano ni mazuri kuliko sheria.

Kanisani mnasomewa Mithali 31, juu ya yule mke anayeamka ingali usiku, na taa yake haizimiki. Ni sura nzuri. Lakini wanaotupigia nayo wanapita haraka mstari wa 15. Mama yule alikuwa na wajakazi. Mwenye kutaka mke wa Mithali 31, amtafutie kwanza mikono ya kumsaidia.

Si kila uchovu ni damu. Ukikohoa wiki mbili, ukitoka jasho usiku na kukonda, njoo tupime kifua. Penye tezi la shingo, kama ilivyojulikana zamani kule Idjwi, ukosefu wa iyodi unamfanya mtu awe mzito na kusikia baridi, basi nunua chumvi yenye iyodi. Ukipita miaka 40 na herufi zinacheza, kichwa kinauma ukisoma, pengine ni macho yanayotaka miwani. Na kuna mama aliyezaa karibuni, hataki kula, analia peke yake, mtoto hamfurahishi. Huyo msimwambie atie bidii. Mleteni kwetu, ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, na anapona.

Anayekosa pumzi hata akikaa, au moyo unapiga mbio akiwa amelala, asingoje siku ya kliniki. Aje leo hii, hata usiku.

Basi, kabla ya kurudi nyumbani, kila mama apite kwa mwuguzi kwenye meza ya dirishani. Atatazama jicho lako, ni dakika moja tu. Wale wenye mimba muwe na fishi mkononi, ili namba iandikwe. Na wale walioacha masomo tangu mwezi wa tatu, mwambieni pia. Yeye ana daftari la majina, na benchi zenu zipo bado.